Laptopu inafika digrii 97 nikicheza GTA, ninunue padi ya feni ama nibadilishe bodi?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Arua, nimelifupisha kidogo tu:

"Kaka fundi habari ya kazi. Nina laptopu ya gemu, Core i5-9300H na kadi ya picha GTX 1650, niliinunua mtumba miaka mitatu iliyopita na haijawahi kufunguliwa. Nikicheza GTA V dakika kama kumi na tano inaanza kukwamakwama, nikiangalia joto la prosesa naona 95, 97. Mwezi huu imejizima yenyewe mara mbili. Fundi wa hapa anasema bodi imechoka nibadilishe, rafiki yangu anasema ninunue ile padi ya feni za chini, mwingine anasema nitoe mfuniko wa chini nicheze hivohivo ipate hewa. Ikikaa tu bila gemu iko 58. Gemu nilikopi kwa flashi ya jamaa. Prosesa itaungua? Na dogo langu anapenda kuichezea kitandani, nimkataze?"

Sawa mdogo wangu, kwanza hela ya bodi irudishe mfukoni. Sijaishika mashine yako kwa hiyo siwezi kukuapia, lakini bodi iliyokufa huwa haicheki na wewe dakika kumi na tano alafu ndio ikumbuke kwamba ni mbovu. Na hizo dakika kumi na tano ulizotaja zimeniambia mambo mengi kuliko hiyo 97. Watu wote wanaoniletea mashine ya moto wananipa namba moja tu, imefika tisini na kitu, basi. Mimi namba hiyo naipokea lakini swali langu ni lingine: ilipanda kwa muda gani? Sekunde tatu, ama robo saa? Hapo ndio ugonjwa unajulikana.

Nikueleze kidogo joto linapita wapi ndio utanielewa. Kile kipande chenyewe cha prosesa ni kidogo, kama ukucha wa dole gumba. Intel wenyewe wanaipa hiyo i5-9300H wati 45, na ikikimbia kwa tabo, yaani ule mwendo wake wa kasi ya ziada, inapita hapo kwa muda mfupi. Sasa chukua pasi ya kulehemia risasi, ile ndogo ya kawaida ya mafundi wa redio, nyingi ni wati 40. Yaani kichwani mwa laptopu yako kuna pasi ya kulehemia imewashwa, alafu kando yake kuna kadi ya picha inakula nayo wati kama 50, na kwa laptopu nyingi za aina hiyo wote wawili wanatumia paipu za shaba zilezile. Joto linatoka kwa kipande, linapita pesti (ile krimu inayopakwa kati ya kipande na shaba), linaingia shaba, linatembea kwa paipu mpaka vile vibati vyembamba pembeni, feni inapuliza vibati, hewa moto inatoka nje, na chumba kinaipokea. Pakiziba popote hapo joto linarudi nyuma. Wewe wa Arua unakumbuka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kutengenezwa: magari yalikuwa mazima, madereva wazima, lakini safari ya Kampala imekuwa mzunguko. Sasa mtu aje akwambie ubadilishe injini ya basi sababu daraja limefungwa! Ndio habari ya bodi hiyo.

Kwa hiyo leo usifungue kitu, fanya jaribio. Iache mashine izimwe usiku kucha ipoe kabisa, asubuhi iwashe, weka HWiNFO ama Core Temp, programu za kuonyesha joto la prosesa, zote ni za bure, ingia gemu na uangalie. Kama joto linaruka kutoka 50 mpaka 95 ndani ya sekunde mbili tatu, na ukiweka mkono pale hewa inapotokea unasikia feni inapuliza kwa nguvu lakini hewa sio moto sana, basi joto halijafika hata kwa vibati, limekwama mwanzoni kabisa, pesti imekauka ama hitisinki (hiyo shaba na vibati vyake) haijakaa vizuri. Kama linapanda polepole, 72, 80, 86, dakika ya kumi na tano ndio 97, na hewa inayotoka ni moto kweli lakini inatoka kidogokidogo kama mtu mwenye mafua, basi pesti pengine bado inafanya kazi, shida iko mwisho wa njia, vumbi kwa vibati ama mdomo wa hewa umezibwa. Maelezo yako yananukia hii ya pili. Miaka mitatu Arua na vumbi lile jekundu, haijafunguliwa hata mara moja, banange, mimi ningeshangaa ingekuwa baridi.

Kuna ya tatu ambayo inadanganya watu wengi: joto liko 75 tu lakini gemu inakwama. Hiyo sio joto, usihangaike na feni. Angalia mwendo wa prosesa, ukiukuta umeshuka mpaka gigahezi 0.8 na umeganda hapo, shuku chaja. Laptopu ya gemu inataka chaja yake nzito, mtu akikuuzia chaja nyembamba ya wati 65 sababu tundu linafanana, mashine inawaka, inachaji, kila kitu kiko sawa mpaka ufungue gemu, hapo inaona umeme hautoshi inajifunga breki. Na umeme ukikatika ukaendelea na betri pia inapunguza mwendo, ndivyo zilivyotengenezwa, usije ukasema imeharibika. Nilikaa siku nzima na mashine ya mteja mmoja, nimebadilisha pesti mara mbili, nimetoa vumbi, nikatukana, kumbe chaja. Siku hizi mteja akija bila chaja yake namrudisha nyumbani akailete.

Sasa hiyo 97 yenyewe na woga wako wa kuungua. Hiyo prosesa Intel wameiwekea mpaka wa digrii 100. Ikikaribia hapo haingoji ruhusa yako, inapunguza mwendo yenyewe ili ipoe, na kule kukwamakwama unakoona ndio huko: inakimbia, inaungua miguu, inapunguza, inapoa, inakimbia tena. Kwa hiyo kipande chenyewe hakitaungua kesho, kinajilinda. AMD, watengenezaji wengine wa prosesa, nao wana mipaka yao, Ryzen 5 3600 ni 95, Ryzen 5 5600 ni 90, na zile Ryzen za desktopu za mfululizo wa 7000 kama 7600X wameziruhusu kabisa zikae 95 zikiwa na kazi nzito na wenyewe wanasema ni kawaida. Ndio maana ukisikia mtu anasema prosesa ikipita 80 imekufa, muulize prosesa gani. Mimi kwa laptopu ya gemu nikiona 80 mpaka 88 baada ya nusu saa ya kucheza naiacha, naenda kunywa chai. Ikigusa 95 na inakaa hapo, naifungua.

Kinachoumia sio prosesa, ni majirani zake. Feni inazunguka mbio zote masaa yote mpaka inaanza kulia kama posho mill, pesti inakauka haraka zaidi, na kubwa kuliko zote betri. Betri za lithiamu na joto hawapatani hata kidogo, na yako iko hapo chini ya mikono yako, imejaa mia kwa mia, chaja imechomekwa, joto linapikia kutoka juu. Hebu fanya hivi saa hii kabla hujaendelea kusoma: iweke laptopu kwa meza iliyonyooka. Inacheza, kama kiti chenye mguu mfupi? Ile padi ya panya ya kugusa imeinuka ama inagoma kubonyeka? Mfuniko wa chini umevimba pembeni? Kama ndio, zima, chomoa chaja, usicheze tena mpaka betri itolewe na mtu anayejua, na usiitoboe wala kuiminya wala kuikunja, betri iliyovimba ikitobolewa inawaka moto na moto wake sio wa kuzimwa kirahisi. Hili silifanyii mzaha. Kama iko sawa basi ingia kwa programu ya mtengenezaji wa laptopu, nyingi zina mahali pa kuzuia chaji iishie 60 ama 80, iweke hapo wakati wote unaochezea kwa umeme.

Kujizima mara mbili: inawezekana ni joto, maana kuna breki ya mwisho ambayo ikifika haipunguzi mwendo tena, inakata tu, pap, skrini nyeusi. Lakini chaja mbovu nayo inakata hivohivo, na betri iliyochoka nayo. Ukiingia kwa kumbukumbu za Windows utakuta imeandikwa Kernel-Power 41 na watu wanapiga kelele ooh nimeona kosa, lakini hiyo 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa vizuri, haisemi nani aliyezima. Njia rahisi, HWiNFO inaweza kuandika joto kwa faili kila sekunde mbili. Iache iandike, siku ikizima tena ufungue faili uone mstari wa mwisho ulikuwa ngapi. Kama ni 99 unajua. Kama ni 78, rudi kwa chaja.

Sasa nikuulize kwa upole hiyo gemu ya flashi. Sikuhukumu, mimi nani, lakini 58 bila kufanya kitu ni juu kidogo, inaweza kuwa vumbi tu na joto la chumba, na inaweza kuwa kuna mtu anafanya kazi ndani ya mashine yako bila kukulipa. Mwaka 2021 Avast walitoa ripoti ya kirusi walichokiita Crackonosh, kilikuwa kinasafiri ndani ya magemu yaliyovunjwa, na GTA V ilikuwa kwenye orodha yao, kinazima antivirusi alafu kinatumia prosesa ya mtu kuchimba Monero, pesa za kidijitali. Walihesabu kompyuta zaidi ya 222,000 zilizoingiliwa. Na virusi vya kuchimba vingine vina akili, ukifungua Task Manager vinajificha, feni inanyamaza, ukifunga vinarudi kazini. Kwa hiyo usiangalie Task Manager peke yake, acha Core Temp ikae pembeni ya saa, kaa dakika kumi usiguse kitu, uone mzigo wa prosesa uko asilimia ngapi. Ikiwa 3 ama 5 uko salama. Ikiwa 40 na hujafungua kitu, kusafisha vumbi ni kumfagilia mwizi. Na kama Windows Defender imezimwa na inakataa kuwashwa, toa mafaili yako muhimu, sakinisha Windows upya, kwisha.

Tukishavuka hapo, kazi yenyewe. Kusafisha.

Tafuta bisibisi nzuri ndogo ya nyota, sio ile ya kulazimisha, ukishakula kichwa cha skrubu moja utanikumbuka. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, skrubu zipange kwa karatasi kwa umbo lilelile zilivyokuwa maana kuna ndefu na fupi, na ile ndefu ukiiingiza pa fupi inaweza kutoboa kitu upande wa kibodi. Kitu cha kwanza ukishafungua ni kuchomoa waya wa betri kwa bodi. Cha kwanza, narudia. Alafu angalia feni. Utaona panga zina vumbi, utapiga brashi, utafurahi, utafunga, na haitabadilika kitu! Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Vumbi baya haliko kwa panga, liko katikati, pale feni inapoishia na vibati vinapoanza. Lile vumbi jepesi linakuja na nywele na nyuzi za blanketi, na kama jikoni mnatumia sigiri ya makaa na laptopu iko chumba hichohicho basi na moshi unaganda juu yake, linakuwa kitu kama kipande cha sweta kimebandikwa kwa mlango wa hewa. Ukitazama kutoka nje hulioni. Lazima uitoe feni yenyewe, skrubu zake mbili ama tatu, ndio ulikute. Mimi nimewahi kulitoa moja zima kama kitambaa, mteja akaniomba aende nalo akamwonyeshe mkewe. Na mende, mende wanapenda sana humo, ni joto na giza, usishtuke.

Ukipuliza na blowa shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, upepo wa blowa unaweza kuizungusha mbio kuliko ilivyotengenezwa na beringi inaharibika, na yenyewe ikizunguka inatengeneza umeme kidogo wa kurudi kwa bodi. Usitumie ile mashine ya kuvuta vumbi ya nyumbani kwa karibu, inaleta umeme tuli. Na kupuliza kwa mdomo, ndugu yangu, mdomo una mate.

Kama kupanda kwa joto kulikuwa kwa polepole, baada ya vumbi hilo kutoka funga, pima tena. Kuna uwezekano mkubwa uone tofauti ya digrii nyingi hapo hapo na ukaacha kabisa habari ya pesti. Lakini wewe miaka mitatu, na kabla yako mtumba ilikuwa kwa mtu mwingine, mimi ningebadilisha pesti hukohuko maana nishafungua.

Pesti kazi yake sio kupoza, watu wanadhani ni dawa baridi. Kazi yake ni kufukuza hewa. Ukiweka shaba juu ya prosesa, kwa macho zinagusana, lakini katikati kuna mashimo madogo yasiyoonekana yamejaa hewa, na hewa inapitisha joto vibaya sana. Pesti inajaza mashimo, basi. Kwa hiyo nyingi sio nzuri. Kiasi cha punje ya mchele kwa prosesa, na kwa kadi ya picha ambayo kipande chake ni kikubwa zaidi nasambaza kwa kadi ya simu iliyokwisha mpaka ifunike yote, maana kwa laptopu kipande kiko wazi bila kofia ya chuma, pembe moja ikibaki kavu inaungua peke yake. Safisha ya zamani kwa spiriti yenye nguvu, asilimia 90 kwenda juu ndio nzuri, na kitambaa cha pamba kisichotoa manyoya. Waragi hapana, nimeulizwa mara mbili na watu wazima kabisa, waragi nusu na zaidi ni maji na maji yakibaki kwa bodi huna laptopu, kunywa ama muachie mwenye kunywa. Dawa ya meno pia hapana, ile video ya dawa ya meno ni kweli inapoza, kwa masaa machache, alafu maji yake yanakauka inabaki chokaa. Na usidanganywe na ile pesti ya metali ya maji kama hujawahi, ina galiamu, inakula aluminiamu na inapitisha umeme, tone moja likiteleza pembeni ndio mwisho wa hiyo bodi uliyotaka kubadilisha.

Aina ya pesti: Arctic MX-4 inatosha, Noctua NT-H1 inatosha. Shida yetu huku sio aina, ni feki. Pesti nyeupe ya kwenye kisindano bila jina inayouzwa kila duka itakusaidia miezi michache, ni nyepesi na ikipata moto na kupoa, moto na kupoa, inasukumwa pembeni inaacha katikati kavu. Kama una mtu anayerudi kutoka Nairobi ama Dubai mwagize. Kuna ile ya karatasi ya Honeywell inaitwa PTM7950, ngumu ikiwa baridi, inalainika ikifika kama digrii 45, haisukumwi pembeni, kwa laptopu naipenda kuliko zote lakini feki zake nazo ni nyingi.

Kufunga hitisinki: utaona namba ndogondogo 1, 2, 3, 4 kando ya skrubu, fuata hizo, kila moja zungusha kidogo kidogo, rudi tena raundi ya pili, usikaze moja mpaka mwisho alafu uende nyingine. Na vile vipande laini vya kijivu ama bluu vinavyokaa juu ya memori za kadi ya picha, hivyo sio uchafu! Vikichanika usiweke pesti mahali pake, tafuta vya unene uleule, ukiweka vinene zaidi hitisinki inainuliwa na prosesa haiguswi. Mimi mwenyewe nilishawahi kusahau kutoa kile kinailoni cha juu cha kipande laini kipya, mashine ikarudi baada ya siku mbili ni moto kuliko ilivyokuja, nikairudia bure na soda nikanunua.

Hiyo ndio nusu ya kwanza. Nusu ya pili haihitaji bisibisi, na ukweli unaweza kuanza nayo leo usiku kama unataka kucheza.

Nguvu inayoliwa na prosesa inaenda na mwendo, lakini kwa volteji inaenda mraba. Ukipunguza volteji asilimia 10, nguvu inashuka kama asilimia 19 kwa mwendo uleule. Na zile gigahezi za mwisho za tabo ndizo zinakula volteji kubwa. Prosesa yako inatoka 2.4 ya kawaida mpaka 4.1 ya tabo, na hiyo 4.1 inakulisha joto jingi kwa faida ndogo. Njia ya mkato inayojulikana: ingia Power Options za Windows, setingi za ndani kabisa, tafuta "Maximum processor state", toa 100 weka 99. Hiyo asilimia moja inazima tabo yote. Joto linaporomoka, utashangaa. Lakini mimi siipendi sana kwa GTA, maana hiyo gemu inategemea prosesa na utabaki na 2.4 kavu, mjini penye magari mengi fremu (zile picha gemu inazotengeneza kila sekunde) zitashuka. Bora ThrottleStop, programu ya kudhibiti mwendo wa prosesa, pale kwa mipaka ya tabo weka kila kore (kiini cha prosesa) iishie 3.3 ama 3.4. Unapoteza kidogo sana, unapata amani kubwa. Ukiona sehemu ya volteji iko wazi unaweza kupunguza milivolti 50 kwanza, cheza siku mbili, ikikaa sawa nenda 70, 80, ikiganda ama kuleta skrini ya bluu rudi nyuma. Ila laptopu nyingi za kizazi hicho sehemu hiyo imefungwa, baada ya ile kasoro ya usalama ya Plundervolt iliyotangazwa Desemba 2019 watengenezaji walitoa BIOS mpya (ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) za kuifunga. Ikiwa imefungwa achana nayo, usianze kuchezea BIOS kwa video za watu.

Na fremu. Skrini yako kama ni ya hezi 60, gemu ikitengeneza fremu 110 hizo 50 za juu unazipika na kuzimwaga, hakuna jicho linaloziona. Zifunge 60. Kwa GTA punguza "Population Density" na ule urefu wa kuona mbali, hivyo ndivyo vinavyoelemea prosesa. Watu wanapunguza ubora wa picha mpaka kila kitu kinafanana na matope na prosesa bado moto, maana ule mzigo ulikuwa wa kadi ya picha.

Padi ya feni: sio mbaya lakini ni ya mwisho. Vibati vikiwa vimeziba padi inapuliza mlango uliofungwa. Weka vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma, ipande kidogo, hewa iingie, hiyo ni padi ya bure, pima uone. Nikiona joto limepungua digrii tatu nne naridhika. Kutoa mfuniko wa chini usithubutu, kwa nyingi ule mfuniko ndio unaielekeza hewa ipite juu ya sehemu zinazotaka kupozwa, ukiutoa feni inavuta hewa ya karibu tu, na vumbi na mende wamekaribishwa rasmi.

Kitu kingine ambacho video za wazungu hazikwambii: sisi tuko juu. Kampala iko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na Arua haipishani sana, hewa yetu ni nyepesi kama sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, feni inazunguka vilevile lakini inabeba hewa kidogo zaidi. Ongeza nyumba ya mabati isiyo na dari, mwezi wa kwanza ama wa pili, saa nane mchana. Chumba kikipanda digrii moja, prosesa inapanda karibu digrii moja, haina ujanja. Kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya mtu aliyepima kwenye chumba cha digrii 21, na kiangazi hicho GTA ipangie usiku.

Wenye desktopu mnaosoma hapa, zile za ofisi za mtumba, zenu ni rahisi: bonyeza vile vipini vinne vya plastiki vya feni ya Intel, mara nyingi kimoja hakijalia tiki na hitisinki imeinama upande. Basi.

Usiniletee hiyo mashine kwa basi kabla hujafanya jaribio la asubuhi, mara nyingi mtu analipa parseli kuja Kampala na kurudi kwa ajili ya kitu cha nusu saa. Nitumie skrinshoti mbili, moja ya sekunde ya kumi ndani ya gemu na moja ya dakika ya ishirini, zionyeshe joto na mwendo wa prosesa pamoja.

Na dogo usimkataze, atakuchukia na ataendelea ukitoka. Mpe sinia ile pana ya chai, aiweke kitandani, laptopu ikae juu ya sinia. Blanketi ndilo linaziba mdomo wa chini wa hewa na ndilo lenye zile nyuzi nilizokwambia. Sinia ikikosekana hata ubao wa kukatia mboga, ila uuoshe kwanza maana mteja mmoja wa mwaka jana aliniletea laptopu ina maganda ya kitunguu ndani.